Mrejesho: ganzi ya shingoni kwa upasuaji wa bega la mama

Ndugu zangu, niliuliza kama mama, aliyevunjika bega kwa kugongwa na chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) hapa Goma, angeweza kupasuliwa bila kulazwa usingizi. Imewezekana. Daktari alitafuta mishipa ya fahamu kwa ekografi (mashine ya kuonyesha ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti), akachoma dawa kando ya shingo. Baada ya dakika kama 20 mkono ukalala. Mama akawa anaushika kwa mkono wa pili, anashangaa ni wa nani. Sauti ilikwaruza, kope moja ikashuka. Niliogopa, ingawa tulikuwa tumeonywa. Vyote viliondoka pamoja na ganzi. Nawasihi jambo moja: vidonge vya maumivu alivyoandika daktari vimezwe kabla ganzi haijaisha. Sisi tulichelewa, na saa nane usiku mama alilia sana. Asanteni mlionijibu.