Mjadala: Magari ya spoti ya zamani, vijana wa Mtwara na Lindi watayaendeleza barabarani?

Mwanzisha mada, Mikindani

Wadau wa kusini, salaam. Swali hili linazungushwa kila siku kwenye magereji na vibaraza vya kahawa hapa kwetu: wazee wenye Toyota Celica, Datsun na Peugeot za enzi zile wakiondoka, nani ataziendesha? Wengi wanajibu harakaharaka kwamba vijana wa leo hawana habari nazo. Mimi napinga.

Kwa mdogo wangu asiyejua tunazungumzia nini: mashindano ya magari ya Safari yalianza 1953, na miaka ya mwanzo yalikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Datsun 240Z ilishinda ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Joginder Singh akachukua 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watu walisikiliza redioni, na mwenye uwezo alitamani gari la jamii ile.

Ipo Celica moja hapa Mikindani, ya 1974, wanayoiita TA22. Milango miwili, taa nne mbele, pua ndefu. Ukifungua boneti unakutana na injini ya 2T, lita 1.6, kabureta juu, distibuta ya kugawa moto wa plagi pembeni, hakuna kompyuta wala sensa. Inawaka. Lakini chini ya milango upepo wa bahari umeshakula bati, na rangi imevimba mapovu madogomadogo. Bonyeza kwa kidole gumba, linavunjika kama biskuti. Gari hilo lina turubai juu mwaka mzima, na mwenyewe hataki hata mwanawe alisogeze.

Hapo ndipo penye tatizo. Magari haya hayafii barabarani, yanafia uani. Mzee akifariki, kadi ya usajili wa gari ina jina lake, warithi wako wanane, gari ni moja. Halikatwi vipande. Watu wanaona haya kulizungumzia kwenye arobaini, mwaka unapita, betri inakufa, tairi zinalala, mtu anachomoa kabureta usiku. Halafu tunasema vijana hawalitaki! Alipewa lini akalikataa?

Msimamo wangu: mwenye gari amkabidhi kijana akiwa hai, kwa funguo na kwa kadi. Karibuni.

Mchangiaji, Lindi mjini

Mada nzuri ila tuongee ukweli wa mfukoni. Kijana wa Lindi akipata milioni zake anatafuta Noah, Alphard au bajaji, kitu kinacholeta hesabu jioni. Gari la milango miwili litabeba nini? Abiria hapandi nyuma mpaka ukunje kiti. Gunia la korosho haliingii. Halafu barabara. Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilikatika pale Somanga, malori yalikwama foleni. Leta Celica hapo.

Wazee waliyanunua wakiwa na ajira. Sisi hatuna. Mapenzi yapo, lakini mapenzi hayanunui shokapu.

Mwanzisha mada

Kaka, hilo la hesabu ya jioni nalikubali kabisa, na sijasema gari hili liwe la kazi. Lakini angalia gharama zilivyo. Zamani gari likikaa uani bila kutembea, ada ya leseni ya mwaka iliendelea kukuhesabia deni. Ada ile ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 ikahamishiwa kwenye mafuta. Maana yake gari linalotoka Ijumaa na siku ya harusi linalipa kwa lita linazochoma tu. Kilichokuwa kinawaumiza wenye magari ya aina hii kimeondoka, na wengi bado wanaongea kama kipo.

Fundi, Chikongola

Mimi niko gereji kila siku, naomba nisikilizwe kidogo.

Watu wanasema vijana hawajui kabureta, wanajua kuchomeka mashine ya kupimia tu. Nusu yake ni kweli. Kijana anayetoka chuo cha ufundi anakuja na ujuzi wa injekta na sensa, ukimwekea injini ya zamani anatafuta pa kuchomeka waya. Lakini nendeni kwa fundi wa bodaboda. Boxer na TVS tulizozoea hapa zina kabureta. Kijana wa miaka kumi na tisa anafungua bakuli la kabureta, anatoa jeti, anaipuliza, anaiinua juani aone tundu, anarudisha, anasikiliza mlio na kugeuza skrubu ya hewa robo kwa robo mpaka saileni, mngurumo wa injini bila kukanyagwa mafuta, itulie. Ujuzi huo ndio huohuo. Kabureta ya 2T ina matundu mawili na choki, ni kubwa zaidi, basi. Mwezi mmoja anaishika.

Kazi iko kwenye platini, vile vibati ndani ya distibuta vinavyofunguka na kufunga ili plagi zipate moto. Hii vijana hawajaiona kabisa, kwa sababu pikipiki zao zina CDI, kifaa cha umeme kinachowasha plagi bila platini. Platini za Toyota zile unaziachia nafasi ya milimita 0.45. Unazungusha krenki mpaka nundu ya distibuta iinue mkono wa platini hadi mwisho, unapitisha geji ya kupimia nafasi, inatakiwa ikwaruze kidogo bila kubanwa. Ukiachia kubwa gari linakosa nguvu mlimani, ukibana sana platini zinaungua. Baada ya hapo kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme kinacholinda platini. Kondensa ikifa gari linazima katikati ya safari, na fundi asiyejua atakubadilishia pampu, plagi, koili, mpaka hela iishe. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa malori Nachingwea. Hakuandika popote. Sasa tuliobaki tunaoziseti kwa sikio si wengi, na hakuna anayekuja kujifunza kwa sababu magari yenyewe yamefunikwa turubai! Mwanzisha mada amesema kweli hapo. Gari likitembea, fundi anazaliwa.

Spea si shida kama watu wanavyotisha. Injini za familia ya 2T zilifungwa pia kwenye Corolla na Carina, kwa hiyo gasketi na ringi hupatikana ukitafuta. Kinachokosekana ni vioo, mipira ya milango na taa za nyuma. Vitu hivyo ukivunja, umevunja.

Mchangiaji, Masasi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni kijana mwenyewe anayezungumziwa, nina miaka ishirini na nne.

Mnatuuliza kama tutatunza magari yenu. Mbona hamuulizi tunayotunza sasa? Toyota Altezza ilitoka Japani 1998 na uzalishaji ukaisha 2005. Ya mwisho kabisa imeshapita miaka ishirini. Ile ya RS200 yenye injini ya 3S-GE, giaboksi ya mkono, ni gari la spoti la zamani tayari, na aliyeishikilia ni kijana. Subaru Impreza vilevile. Tunabadilishana spea, tunapeana mafundi, mtu anatoka huku hadi Dar kufuata shokapu mbili. Hilo si kutunza?

Na dunia imeshaona. Marekani gari likitimiza miaka 25 linaruhusiwa kuingia hata kama halikutengenezwa kwa sheria zao, ndiyo maana magari ya Kijapani ya miaka ya tisini yamepanda bei. Toyota wenyewe wamerudi kutengeneza spea za Supra za zamani, Nissan nao za Skyline R32. Kiwanda hakifungui tena mashine kwa ajili ya wazee peke yao.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, tutaendeleza, lakini ya kwetu. Celica ya 1974 sikuiona ikikimbia nikiwa mtoto. Siwezi kulilia kitu nilichokiona kimefunikwa tu.

Mchangiaji, Nachingwea

Dogo kamaliza. Tena hiyo Celica ipigwe 1JZ, ile injini ya Toyota ya silinda sita, iishe.

Fundi, Chikongola

Hapana, mdogo wangu. Ukiweka 1JZ unaongeza uzito mbele, breki za gari lile hazikutengenezwa kwa nguvu hiyo, difu italia, na bati lililooza litapasuka kwenye vishikizo vya injini. Namba ya injini nayo iko kwenye kadi, lazima ukabadilishe TRA. Kama 2T imekufa kabisa, tafuta injini ya ukoo huohuo. Nimeona bodi nzuri zikiharibiwa hivi, na aliyeziharibu huwa hamalizi kazi.

Mchangiaji, Mingoyo

Naomba niseme la kwetu, maana mnazungumza mirathi kama hadithi.

Marehemu baba alikuwa na Datsun 1600 SSS, kabureta mbili, gari la ukoo wa ile iliyoshinda Safari 1970. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi akitengeneza. Najua mlio wake asubuhi ya baridi na asubuhi ya joto. Alipofariki, kaka zangu walisema gari si la mtoto wa kike, ila hakuna hata mmoja aliyelitaka. Hakuna aliyekwenda mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi, kwa hiyo kadi haikubadilika, na bila kadi hakuna bima wala safari. Likakaa chini ya mwembe. Majani yakaziba mfereji wa maji chini ya kioo cha mbele, maji yakaingia ndani, sakafu ikaoza. Mwisho walikuja wanunuzi wa chuma chakavu na mtungi wa gesi. Walilikata hapohapo uani, wakapima kwa kilo, na hela ikagawanywa kwa mafungu ya warithi. Fungu langu halikununua hata kabureta moja ya gari lile.

Nilikuwa tayari kuwalipa wote mafungu yao kidogokidogo. Hakuna aliyeniuliza. Mkisema "vijana", naomba mabinti wawemo.

Mwanzisha mada

Dada, pole sana. Hiki ulichoandika ndicho kilichonifanya nianzishe mada, maana siyo gari la baba yako peke yake.

Wadau, naomba tulione hili kwa sheria tunazoishi nazo. Wengi wetu hapa ni Waislamu, na wosia haumhusu mrithi isipokuwa warithi wengine waridhie. Kwa hiyo mzee akisema mdomoni "gari hili la binti yangu nikifa", maneno hayo hayamlindi binti. Linalomlinda ni hiba: ampe akiwa hai na mzima, mbele ya mashahidi, amkabidhi funguo na gari lenyewe, halafu waende TRA wabadilishe kadi. Hapo gari limeshatoka kwenye mali ya mzee.

Kwa mpwa mambo ni tofauti. Kwetu Wamakonde na Wamwera ukoo ulifuata upande wa mama, na mjomba alimwangalia mtoto wa dada yake kama wake. Ikiwa marehemu ameacha watoto, mpwa si mrithi kwa sheria ya dini, na kwa sababu hiyohiyo anaweza kuandikiwa wosia, mradi usizidi theluthi ya mali. Mzee ambaye watoto wake hawana mpango na gari, lakini ana mpwa fundi wa bodaboda, njia anayo.

Mzee, Shangani

Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni mmoja wa hao wa turubai.

Mnasema tukabidhi. Mimi gari langu, Peugeot 504 ya milango miwili, nilitoka nalo Dar kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003. Tulivuka Rufiji kwa pantoni, na baada ya hapo mchanga mpaka mtu unashuka kusukuma. Halikuniacha njiani. Sasa nimpe kijana aweke taa za buluu na ekzosi ya kupiga kelele? Aendeshe mwendo wa Altezza kwenye gari lisilo na breki za ABS wala mfuko wa hewa? Siogopi bati, naogopa kumzika mtoto wa watu. Hilo hamjaligusa.

Mchangiaji, Masasi

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hofu yako ni ya haki. Lakini mbona sharti unaweza kuliweka? Miezi sita mnakaa wote ndani, wewe kiti cha abiria. Asiyevumilia hiyo hakustahili funguo.

Mzee, Shangani

Marahaba. Miezi sita ni michache, mwanangu. Mwaka, masika na kiangazi, ajue linavyoshika lami yenye maji. Na platini azisete yeye, fundi wa Chikongola akisimamia. Ninaye mjukuu wa kike, anasoma ufundi umeme wa magari. Sikuwahi kumfikiria mpaka niliposoma habari ya yule dada wa Mingoyo.

Fundi, Chikongola

Mlete Jumamosi, mzee. Geji ninayo. Ila njoo na kondensa mpya, za hapa dukani ni feki.

Mchangiaji, Lindi mjini

Bado hamjanijibu mafuta yatatoka mfuko wa nani.