Hilux ya dizeli ya 1994: nifunge nyaya mpya gari zima, ninunue fungu la ex-Japan, au niendelee kuziba moja moja?

MkulimaNjoro
Wadau, habari za jioni. Nina Hilux ya dizeli, injini 2L, inayobeba maziwa na viazi kati ya Mau Narok na Nakuru. Injini yenyewe haina neno. Umeme ndio unaonimaliza. Taa ya betri inawaka kwa kufifia halafu inapotea yenyewe. Nikiwasha indiketa, mishale ya mafuta na ya joto inacheza nayo. Asubuhi ya baridi starta inazunguka kwa kuvuta miguu, na kwenye barabara mbovu gari huzima ghafla, kisha likakubali kuwaka kama hakuna lililotokea. Betri ni mpya. Alternata ilitengenezwa, haikukaa ikarudia yale yale.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Fundi mmoja wa mjini anataka elfu 35 atoe nyaya zote afunge mpya. Mwingine anasema nikatafute Grogan, kule Nairobi kwa vipuri, fungu zima la nyaya lililotolewa kwenye gari la Japani, yeye alifunge kwa elfu 10. Shemeji anasema niendelee kuziba hitilafu moja moja kama nilivyozoea. Mke wangu ana ushauri wa nne, niuze, lakini huo tusiujadili hapa. Nyinyi mngefuata upi?

DerevaWaMalaba
Uza. Mama anaona mbali.

JaKondele
Omera, elfu 35 usitoe kabla hujaona waya wenyewe. Pickup ya mjomba wangu ilifungwa upya hapa Kisumu kwa waya wa nyumba, ule wa shaba moja nene. Waya huo umetengenezwa kukaa ndani ya ukuta bila kutikiswa. Kwenye gari la dizeli linalotetemeka kutwa unakatikia ndani ya ganda, na kwa nje unauona mzima. Tena ulikuwa mwekundu wote, kuanzia taa ya mbele hadi ya breki. Fyuzi ikiungua unafuata upi?

Mimi ningechukua ex-Japan. Rangi ni zile za kiwandani, soketi ni zake, na fundi yeyote mwenye mchoro anaweza kusoma.

MamaMahindi_Kitale
JaKondele, hilo la ex-Japan ni zuri likiwa mdomoni. Langu lilikuja limekatwa karibu na dashibodi, kwa hiyo viungo vikaanza hapo hapo. Soketi za hita, zile plagi za kupasha silinda moto kabla ya kuwasha, zilikuwa za mfumo mwingine kabisa, na kulikuwa na nyaya za gia otomatiki ambazo gari langu halina. Halafu jamani, fungu lililotoka kwenye gari la 1994 lina umri ule ule wa hilo unalolitoa. Ganda lake nalo limekauka.

Mkulima, umeangalia panya? Huku kwetu mahindi yakishavunwa, panya wanahamia juu ya injini kufuata joto. Waliguguna waya wa alternata tukahangaika na betri wiki nzima. Siku hizi boneti inalala wazi.

FundiWaya_Bondeni
Kazi yangu ndiyo hii, kwa hiyo ningefaidika kukwambia ufunge zote. Sikwambii hivyo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya hao washauri wako aliyepima. Mita ya kawaida inatosha.

Asubuhi kabla hujawasha, betri nzima inasoma karibu volti 12.6. Ukiona 12.2, imebaki kama nusu. Injini ikinguruma na taa kubwa zikiwaka, inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.4. Hapo wengi huishia. Sasa weka ncha moja ya mita kwenye risasi ya betri, yaani kichwa chake chenyewe, upande wa hasi, si kwenye klampu, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige starta. Ikizidi nusu volti, athi ya injini, yaani waya unaorudisha umeme kwenye betri, imechoka. Rudia kwenye bodi taa zikiwaka. Hapo hata 0.2 ni nyingi. Mishale inayocheza na indiketa mara nyingi ni athi ya dashibodi. Ukifunga nyaya mpya halafu ukazirudisha kwenye skrubu ile ile yenye kutu, mishale itaendelea kucheza.

Alternata: ya 2L ina pampu ya vakiumu mgongoni, ile inayosaidia breki, na pampu hiyo inapitisha oili. Sili ikichoka, oili inaingia kwenye kaboni (brashi za alternata), kaboni zinanata, na taa ya betri inafifia kama unavyoeleza. Anayebadilisha kaboni akaacha sili anakupa likizo fupi tu. Ifunguliwe mbele yako. Na mtu asikuuzie alternata ya petroli eti matundu yanalingana. Haina pampu hiyo, na utateremka Mau Narok na mzigo huku breki imekuwa ngumu.

Kuzima barabarani: injini yako ikishawaka haidai umeme ila kwa solenoidi ya kukata dizeli, juu ya pampu ya dizeli. Waya wake ni mmoja. Ukilegea, dizeli imekatika. Washa swichi bila starta, uchomoe na kuurudisha. Lazima usikie tik.

Kama betri inaisha usiku, chomoa klampu ya hasi uunganishe mita ya ampea katikati, kila kitu kikiwa kimezimwa. Zaidi ya 0.05, kuna kinachonyonya. Toa fyuzi moja moja hadi ishuke. Mita ikiwa hapo usipige starta, utaichoma.

Sasa kuhusu kuchagua. Fungu la ndani ya dashibodi halijawahi kuona oili wala tope, na mara nyingi mimi siligusi. Linaloharibika ni la injini na lile la chasisi linalokwenda taa za nyuma. Kunja waya kidogo; ganda likipasuka, sehemu hiyo ifungwe upya kwa waya wa gari wenye nyuzi nyingi, rangi zikifuata za zamani. Hiyo haifiki elfu 35. Labda huyo fundi awe anaongeza relei (swichi zinazoendeshwa na umeme) za taa kubwa, hapo ningemwelewa: taa mbili za wati 55 ni karibu ampea 9, na zote zinapita kwenye swichi ya usukani ya miaka thelathini.

KijanaMolo
Mnazunguka sana. Vuta waya moja kwa moja kutoka betri hadi solenoidi, haitazima tena. Na hita weka kitufe, unabonyeza unahesabu hadi kumi, unapiga starta. Molo tunaamka na baridi kuliko nyinyi na magari yanawaka.

FundiWaya_Bondeni
Waya wa moja kwa moja ukifika kwenye solenoidi, ufunguo hauzimi tena injini. Ukipata ajali utaizimaje? Pia haupiti kwenye fyuzi, na unasugua chuma pale juu. Hapana.

Kitufe cha hita kinaweza kufaa, ila kipitie relei nzito, maana plagi nne kwa pamoja zinavuta ampea 40 na zaidi. Na kwanza soma maandishi kwenye plagi. Baadhi ya mifumo ya Toyota ilitumia plagi za volti 6, taima ikizipunguzia umeme. Ukizipa 12 kwa kuhesabu kidole, ncha inavimba. Ikikatika inaangukia ndani ya silinda, na hapo hatuzungumzii umeme tena.

JaKondele
Nakubali kwa hilo la soketi za hita, sikulifikiria. Ila bado nasema rangi za kiwandani ni mali. Na jambo jingine: acheni kuosha injini kwa maji ya nguvu. Hapa Kisumu gari linaingia kuoshwa likiwa zima, linatoka limeng'aa, jioni mwenyewe anatafuta fundi kwa sababu maji yamelala ndani ya soketi.

DerevaWaMalaba
Probox haina haya mambo.

MamaMahindi_Kitale
Probox ibebe viazi vya Mau Narok wakati wa mvua? Tutakutana hapo kwenye tope.

MkulimaNjoro
Asanteni. Nimepima na shemeji akishika starta. Asubuhi betri 12.3. Injini ikiwa inawaka inapanda 14 halafu inaanguka 13.1 bila sababu. Kati ya risasi ya betri na injini, 0.9 starta ikizunguka! Waya wa athi ulio karibu na giaboksi umegeuka kijani ndani ya ganda, kwa nje unapendeza. Alternata imefunguliwa, imejaa uji mweusi kama alivyosema Fundi. Waya wa solenoidi uliwahi kuungwa kwa kusokotwa na tepu.

Dashibodi haiguswi. Athi zinabadilishwa zote, alternata inapata sili na kaboni, na nyaya za chasisi ya nyuma zinafungwa mpya. Fundi wa elfu 35 amekubali kazi hiyo kwa 14, vifaa ndani, ingawa alinuna kidogo. Plagi zangu zimeandikwa volti 11. Kitufe kinafaa?

FundiWaya_Bondeni
Kwa 11 kinafaa, lakini pima taima kwanza, huenda nayo ilikuwa inalilia athi tu. Waya wa athi uwe mnene kama wa starta, na sehemu ya kufungia isuguliwe hadi chuma king'ae, ifungwe, ndipo ipakwe grisi juu. Waya wa solenoidi uunganishwe kwa kulehemu. Na pesa ya mwisho umpe baada ya kupima tena mkiwa wote wawili, injini ikiwa ya moto na taa zote zikiwaka.