Nimepeleka picha ya babu ikatengenezwe, nimerudishiwa mzee nisiyemjua (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na nitaandika kirefu, mniwie radhi.

Kuna steshenari moja hapa Ngamiani, jina silitaji, maana wasimamizi watafuta uzi na mimi nataka ubaki. Mlangoni wamebandika karatasi: TUNAFUFUA PICHA ZA ZAMANI. Mpaka leo nilichoona kimefufuka ni presha ya mama yangu.

Picha yenyewe ni ya saizi ya postikadi, nyeusi na nyeupe, imepigwa studio hapahapa mjini. Nyuma kuna mwandiko wa penseli: Tanga, 1966. Babu kakaa kitini na kanzu na kofia yake ya viua, bibi kasimama ubavuni, kanga mabegani, jina la kanga linasomeka kabisa: WEMA HAUOZI. Babu alikuwa mkata mkonge. Anayeujua mkonge anajua jani lake lina mwiba nchani kama sindano ya kushonea magunia. Mwiba huo ulimpata jicho la kushoto akiwa bado kijana, na jicho likabaki nusu limefumba, utadhani anakukonyeza. Ukoo mzima tunamtambua babu kwa jicho hilo. Nina mjomba anayejua kuliigiza mpaka harusi inasimama.

Sasa joto na unyevu wa pwani mnaujua. Picha imekaa kwenye fremu ukutani miaka nenda miaka rudi, ikaota madoadoa ya kuvu, kona moja ikaliwa na mende, na mstari wa mkunjo ukampita bibi kifuani. Upande wa chini ulikuwa umegandana na kioo. Nikamwambia yule kijana kwa mdomo wangu: toa madoa, ziba mkunjo, jazia kona. Nyuso usiguse. "Hamna shida dada, kesho kutwa njoo." Elfu 25, nusu nikatanguliza.

Kesho kutwa nikapewa bahasha, nikaenda nayo moja kwa moja nyumbani bila kuifungua. Hapo kosa langu, nakubali. Mama alikuwa barazani. Akavaa miwani, akaisogeza picha kwenye mwanga, akaitazama kimya. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, huyu nani?" Nikadhani hajaona vizuri. "Si babu huyo, mama." Akaweka kidole juu ya jicho la kushoto. "Baba yangu hakuwa na jicho hili."

Ndipo nikaangalia na mimi. Babu ana macho mawili yamekodoa. Ngozi imenyooshwa kama ya mwanasesere. Viua vya kofia vimekuwa michoromichoro isiyo na mpango, na mtu aliyewahi kuona kofia ikitobolewa na kushonwa kwa mkono anajua kile ni kitu cha wiki na wiki. Kanzu katiwa rangi ya samawati, kana kwamba kuna mtu kamuuliza! Filamu ya nyeusi na nyeupe haikuandika rangi, kwa hiyo hiyo samawati ni ya kichwani mwa mashine. Na kanga ya bibi? WEMA HAUOZI imegeuka WRMA HAAOUZL. Bibi yangu kavishwa hirizi.

Nikarudi dukani nikamwambia fungua kompyuta nione ulivyofanya. Hakuna skani. Hakuna leya hata moja, yaani tabaka la kufanyia kazi juu ya picha bila kuigusa yenyewe. Kaipiga picha kwa simu chini ya taa ya tyubu, akajitumia WhatsApp, ambayo nayo inaikamua picha njiani, akaipandisha kwenye programu ya akili mnemba na kubonyeza kitufe kimoja. Faili lake lina pikseli 640 kwa 960. Ukichapa kwa pikseli 300 kwa inchi, upana huo ni inchi mbili na nukta. Yeye kaivutavuta mpaka A4.

Anajibu nini? "Dada, wateja wengine wanashukuru. Mzee nimemfanya hendsamu."

Mdogo wangu, programu hizo hazimjui babu wa mtu. Zimefunzwa kwa nyuso nyingi mno, na zikikuta sura imefifia zinachora sura nyingine inayoelekeana na zile zilizozizoea. Nyuso nyingi zina macho mawili yaliyo sawa, basi na la babu likafunguliwa. Kwa mashine, jicho lililofumba na doa la kuvu ni uchafu uleule. Maandishi ya kanga haiyasomi, inachora vitu vyenye umbo la herufi. Mimi sipingi mashine isaidie kwenye ukuta wa nyuma au kwenye mikwaruzo. Lakini baada ya kubonyeza, mtu si unaiweka picha ya zamani pembeni ukalinganisha? Macho ya bure hayo, hayahitaji bando.

Na kazi yenyewe si siri. Unaskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Postikadi ya inchi 3.5 kwa 5.5 inakupa pikseli 2,100 kwa 3,300, unaweza kuichapa mara mbili ya ukubwa wake bila aibu. Unahifadhi faili la TIFF, lile lisiloikamua picha, hilo huligusi tena. Unafanyia kazi kwenye leya ya juu yake, doa kwa doa, umekuza mpaka unaona chembe za karatasi. Brashi ya kuponya (healing brush) imo ndani ya Photoshop tangu toleo la 7, mwaka 2002, na asiye na hela ya Photoshop ana GIMP ya bure. Kona iliyoliwa na mende ilikuwa ukuta wa studio tu. Chukua ukuta wa kona ya pili, jazia, kwisha. Ni kazi ya jioni mbili tatu, na angeniambia ni elfu 60 ningetoa.

Hayo yote ningemeza, maana ya kompyuta yanarudiwa. Nikaomba picha yangu ya asili.

Wakuu, kaipiga laminesheni. Kama kitambulisho.

Nikamuuliza kwa nini hata uliitoa kwenye fremu? Eti kioo kilikuwa kinamulika kwenye simu. Kavuta. Picha za zamani zile, sura imo kwenye tabaka jembamba la gelatini juu ya karatasi, na gelatini ikipata unyevu inalainika na kushika kioo kama gundi. Ukivuta, karatasi inakuja na sura inabaki. Fundi mwenye akili anaiskani na kioo chake hivyohivyo. Huyu kavuta, miguu ya babu na upindo wa kanga vikabaki kwenye kioo, akaogopa, akaona afiche kwa plastiki ya moto. Gundi ya laminesheni ikishayeyuka kwenye karatasi haitoki. Na kabla ya kuilamini kaandika nyuma kwa maka peni: "Dada wa Makorora, bado 12,500." Juu ya penseli ya 1966!

Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Picha ilikaa miaka yote hiyo, imeondokea kwenye steshenari kwa siku mbili.

Hiyo 12,500 iliyobaki sijalipa na silipi. Kioo nilikichukua, nimekilaza kwenye boksi, upande wenye vipande juu, na sijakifuta.

Ninachoomba: kuna mtu anamjua fundi wa kweli, Tanga, Muheza hata Dar, anayefanya kwa mkono, anayeweza kuskani kile kioo na ile iliyolaminiwa, akaziunganisha kwenye kompyuta? Nitakuja nayo mwenyewe, sitaituma kwa basi, na nitakaa hapohapo mpaka amalize kuskani. Bei tutaongea. Madoa atoe yote. Jicho aliache.