Nyumba pacha ya kale, unyevu ukutani, kibali sina: naombeni ushauri

Wakuu habari zenu. Nipo Cheltenham, Uingereza. Mimi na mke wangu tulinunua nusu ya nyumba pacha ya miaka ya 1830. Ukiitazama toka barabarani utadhani jumba moja la tajiri: paa moja, milango imesukumwa pembeni kabisa, plasta imechorwa mistari ifanane na mawe ya kuchonga. Kumbe ni familia mbili, ukuta mmoja katikati.

Tatizo ni unyevu. Sebuleni rangi inabanduka, ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe. Fundi wa kwanza akasema tupige saruji, siku mbili kazi imeisha. Mimi nimekulia Mji Mkongwe, Unguja, nikamwangalia tu. Ukuta wa chokaa ukiufunga kwa saruji, maji yanabaki ndani. Tena nahisi mwenye nyumba wa zamani alishafanya hivyo chini ya dirisha, maana pale pakigongwa panalia tofauti.

Sasa nyumba imeorodheshwa kisheria kama jengo la kale linalolindwa, daraja la pili (Grade II). Kuibadilisha bila kibali ni kosa la jinai, na halmashauri inaweza kunitaka mimi nirekebishe uharibifu wa aliyenitangulia. Nikienda mwenyewe kwa afisa wa majengo ya kale, nitasaidiwa au nitakuwa nimejichongea?

Halafu jirani, mama mtu mzima, anakataa tupige plasta mpya ya nje upande wetu pekee, eti pacha watatofautiana. Ana hoja. Waliowahi kufanya pande zote kwa pamoja, gharama mligawanaje?