Sayanidi: kidole kinasoma 98% na mgonjwa anazimika, kwa nini?

Zamu_ya_Usiku: Wakuu, naandaa somo la wauguzi wa dharura kuhusu gesi za sayanidi: haidrojeni sayanidi na sayanojeni kloridi. Mawili yananisumbua. Kwa nini kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kusoma 98% huku mgonjwa ana degedege na presha inaporomoka? Na kabati likiwa na viuasumu viwili vya sayanidi, naitraiti na hidroksokobalamini, tunaanza na ipi?

Mitokondria: Kipimo cha kidoleni kinaangalia kama hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, imeibeba. Kama oksijeni hiyo imetumika au la, hakijui. Sayanidi inang'ang'ania chuma cha saitokromu oksidasi, kimeng'enya cha mwisho cha upumuaji ndani ya seli. Damu inafika na mzigo wake, seli inashindwa kuupokea, mzigo unarudi vilevile. Ukichota damu ya vena unaweza kuikuta nyekundu angavu kama ya ateri. Seli ikibaki bila njia ya oksijeni, laktati (taka inayojikusanya seli ikikosa kutumia oksijeni) inapaa kwenye damu. Ikifika 8 mmol/L kwa mtu aliyekuwa kwenye gesi, shuku sayanidi. Kwa aliyetolewa kwenye moto, kiwango kinachotumika ni 10. Majibu ya sayanidi yenyewe kutoka maabara huja umechelewa, usiyasubiri. Na harufu ya lozi chungu msiifanye kipimo, wako wengi ambao pua zao haziipati kabisa.

Dripu_Kwanza: Hidroksokobalamini, bila kusita. Mtu mzima 5 g kwenye mshipa kwa dakika 15. Mtoto 70 mg kwa kilo, isizidi 5 g. Chupa ya 5 g inatiwa 200 ml za sodiamu kloridi 0.9%, kisha unaipindua taratibu kwa angalau sekunde 60. Ukiitikisa kama dawa ya maji ya mtoto inajaa povu. Kobalti yake inaishika sayanidi, inakuwa vitamini B12, inatoka na mkojo.

Naitraiti (300 mg) inafanya kazi kwa kuigeuza sehemu ya hemoglobini kuwa methemoglobini, na hiyo haibebi oksijeni. Pia inashusha presha. Aliyevuta moshi tayari ana kaboni monoksidi kwenye damu. Ukimpa naitraiti umemnyima oksijeni mara mbili. Thaiosulfeti, kiuasumu kingine, 12.5 g, ni salama zaidi lakini mwendo wake ni wa kobe. Msiipitishe kwenye mrija mmoja na hidroksokobalamini.

Zamu_ya_Usiku: Asante sana. Baada ya dozi tutegemee nini?

Maabara_Chini: Wekundu. Ngozi inakuwa nyekundu kwa siku kadhaa, mkojo kwa wiki kadhaa, na ndugu za mgonjwa watadhani anakojoa damu, kwa hiyo waambieni mapema. Presha nayo inaweza kupanda. Kwetu maabara shida ni vipimo vinavyosoma rangi: kreatinini (ya figo) na bilirubini (ya ini) zinaweza kutoka za uongo. Chukueni damu kabla ya dawa, ila msicheleweshe dawa kwa ajili ya sindano ya damu. Mashine ya dayalisisi (ya kusafisha damu) nayo inaweza kupiga kengele na kujizima ikidhani damu inavuja.

Mlango_wa_Nyuma: Mmeruka hatua ya kwanza. Mtoeni kwenye gesi, mkiwa na vifaa vya kupumulia. Mwokoaji asiye navyo anakuwa mgonjwa wa pili. Mvueni nguo, zifungwe kwenye mfuko, na kama kuna kimiminika ngozini osheni kwa maji mengi. Oksijeni 100% ianze hapohapo. Kumpulizia mdomo kwa mdomo, marufuku.

Aliyevuta haidrojeni sayanidi, akatolewa nje na sasa anaongea vizuri, mara nyingi anahitaji oksijeni na kuangaliwa tu, si kila mmoja apigwe kiuasumu. Sayanojeni kloridi ni tofauti: inachoma macho na koo tangu mwanzo, na mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Huyo asirudi nyumbani kwa sababu ameacha kukohoa.