Eti bahari nimeshaiona, kwa hiyo dirisha si haki yangu?

Mwalimu wa Tudor:

Nimetoka sasa hivi katika kile walichokiita kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu nyumba hapa Mombasa, na mikono inanitetemeka kwa hasira. Sitamtaja mtu. Yule bwana aliyekuwa akijibu maswali yetu, anayevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi usio na madirisha, mnamjua nyote, na asiyemjua hajawahi kuomba risiti katika mji huu.

Nilimwuliza swali la adabu kabisa. Nilisema kwamba sisi tuliozeekea katika nyumba hizi za manispaa, tukilipa kodi tangu enzi ambazo bomba lilikuwa likitoa maji, tungependa kujua kama ghorofa mpya zitakapomalizika tutapewa za upande wa mbele unaotazama bahari, au tutasukumwa nyuma kwenye jalala na jenereta. Akanitazama. Akaiweka sambusa yake chini taratibu, kwa heshima ambayo mimi hakunipa, kisha akasema mbele ya ukumbi mzima: "Nyanya, wewe bahari umeiona tangu uzaliwe. Waachie wengine nao waione."

Na watu wakacheka! Hata jirani yangu, ambaye paa lake linavuja kuliko langu, alicheka.

Ukutani walikuwa wametundika picha ya mtaa utakavyokuwa: miti ya kijani, Wazungu wawili wanatembeza mbwa, na hakuna hata kiumbe mmoja aliyevaa buibui au kushika kikapu. Nilimtafuta mtu anayefanana nami katika picha ile mpaka macho yakauma. Nadhani tulikuwa nyuma ya jenereta.

Alipoulizwa kuhusu wanaolala kwenye baraza za maduka kuanzia Mwembe Tayari hadi Marikiti, alijibu kwamba hao si watu wa Mombasa na watarudishwa makwao. Hesabu ya taifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini, na 7,529 kati yao walikuwa hapa kwetu, tukiwa wa pili baada ya Nairobi. Basi kwa maelezo ya bwana yule, watu 7,529 walikuja kutalii wakakosa hoteli. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa, na Jedwali la Nne limeikabidhi kaunti kazi ya nyumba huku sera ikibaki kwa serikali kuu. Matokeo yake ni kwamba ukiuliza huku unaambiwa uliza kule, na ukifika kule unaambiwa bahari umeiona.

Bahari nimeiona! Na kodi yangu nanyi mmeiona tangu nianze kazi, mbona hamsemi niwaachie wengine nao walipe? Sambusa aliiweka chini taratibu. Taratibu, jamani.

Kijana wa Mikindani:

Pole sana, Mwalimu, lakini ningependa kujua kama sambusa zilikuwa za nyama au za viazi. Katika kikao chetu tulipewa maji ya chupa na karatasi ya kutia sahihi, na karatasi yenyewe ilikuwa imekwisha kuandikwa kwamba wakaazi wamekubali kwa kauli moja. Nilipouliza tumekubali nini, niliambiwa kwamba maswali yatapokelewa baada ya sahihi.

Shangazi wa Kisauni:

Mwalimu, tuseme ukweli: kilichokuuma ni kuitwa nyanya. Angekuita "dada" ungeuchukua huo upande wa jenereta na kushukuru.

Mwalimu wa Tudor:

Shangazi, bwana yule ananizidi umri, na mvi zake anazipaka wino mpaka kola ya shati imebadilika rangi. Hoja yangu ni makazi. Wapangaji wa Buxton, mtaa mwingine wa nyumba za manispaa, nyumba zao zilipoanza kubomolewa mwaka 2021, angalau walizungumziwa Sh240,000 za kwenda kupanga kwingine. Sisi tumezungumziwa bahari.

Kuta Tupu wa Majengo:

Nyinyi wapangaji wa manispaa mna bahati ya kutukanwa, maana sisi hatumo hata katika orodha ya wanaotukanwa. Nyumba niliyorithi kwa babu ni yangu, ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine, na kila mwezi ninamlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi ili kuta zangu ziendelee kusimama. Nikitaka kuongeza ghorofa ninyenyekee kwake; nikienda benki naulizwa hati ya ardhi; na ardhi ikiuzwa, mnunuzi huja na tingatinga akaniambia nichukue nyumba yangu niondoke nayo. Nilipokwenda kueleza jambo hili ofisini, karani aliniuliza kama mimi ni mpangaji au mwenye nyumba, na fomu yake ilikuwa na visanduku viwili tu.

Nahodha Mstaafu:

Hilo la kuwarudisha makwao limenichekesha kwa uchungu. Pale Mwembe Tayari kuna mtoto aliyezaliwa barazani, na mama yake naye amekulia baraza ya ng'ambo ya barabara. Atarudishwa wapi, avushwe barabara? Kila anapotarajiwa mgeni mkubwa, askari wa kanjo, yaani wa kaunti, huwapakia watu hawa kwenye lori usiku, na mgeni hajamaliza kuaga, wenyewe wamekwisha kurudi kwa miguu. Mwaka 2018 majengo ya katikati ya mji yaliamriwa yapakwe rangi nyeupe na buluu, nayo yakapakwa. Kwa hiyo angalau sasa wanalala kando ya ukuta unaopendeza.

Mkato wa Mshahara:

Naona kila mtu analia lakini mimi ndiye ninayelipa. Tangu sheria ya nyumba za bei nafuu ya mwaka 2024, asilimia 1.5 ya mshahara wangu wote hukatwa kila mwezi, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho, kujenga nyumba ambazo amana yake siwezi kuifikia kwa sababu nimekatwa asilimia 1.5.

Shangazi wa Kisauni:

Wewe una mshahara, nyamaza.

Mkato wa Mshahara:

Shangazi, nina mshahara kwenye karatasi.

Mgeni wa Jiji:

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wazee wangu. Nahamia Mombasa mwisho wa mwezi na natafuta chumba Magongo au Changamwe, choo kiwe ndani na maji yawepo. Je, kuna anayefahamu?

Kijana wa Mikindani:

Choo ndani na maji, vyote viwili? Chagua kimoja, ndugu yangu.

Dalali Mwaminifu:

Kipo Chaani, safi kabisa. Amana ni ya miezi miwili, na kuna ada ndogo ya kukionyesha ambayo hairudishwi.

Kuta Tupu wa Majengo:

Mwaminifu, ada ya kuonyeshwa mlango? Mlango wenyewe nauona bure kutoka barabarani.

Nahodha Mstaafu:

Msimpe hata senti. Mwaka jana alimwonyesha mpwa wangu chumba ambacho mwenyewe alikuwa bado amelala ndani.

Dalali Mwaminifu:

Nahodha, yule alikuwa anakaribia kuhama.