Mzee wa kifua sugu: kwa nini oksijeni isiongezwe hadi ifike 98?

Mwanafunzi wa uuguzi, Tanga

Shikamooni wakubwa zangu. Niko mafunzo kwa vitendo katika wodi ya wanaume hapa Tanga. Tumempokea mzee wa miaka 68 aliyefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha brashi cha shamba la mkonge, panaposuguliwa nyuzi kwa mashine, na aliyekuwa akivuta sigara, ambaye amethibitika kuwa na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Juzi usiku, akiwa na mipira ya oksijeni ya puani kwa lita 2 kwa dakika, kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kilisoma asilimia 90. Mwanawe alinisihi niongeze, nami nilikwisha kupeleka mkono kwenye mtungi, lakini muuguzi wa zamu akanizuia akisema mzee huyo abaki kati ya 88 na 92. Kazi ilikuwa nyingi, sikuweza kumuuliza sababu. Je, hatukumnyima haki yake? Na mwanawe nimweleze nini?

Muuguzi mstaafu, Pangani

Marahaba, mwanangu. Muuguzi wako alitenda sawa. Katika mapafu ya mgonjwa wa aina hii kuna sehemu ambazo hewa haifiki vizuri, na mwili hubana mishipa ya damu ya sehemu hizo ili damu ielekezwe penye hewa ya kutosha. Ukimfungulia oksijeni nyingi, mishipa ile hulegea, damu hupita tena mahali ambapo kabonidioksidi, hewa chafu tunayoitoa tukipumua, haipati njia ya kutoka, nayo hujikusanya mwilini. Tena kwa baadhi yao hata msukumo wa kupumua hupungua. Kinachonitisha zaidi ni kwamba kipimo cha kidoleni hakioni kabonidioksidi. Kitasoma 98, nawe utaridhika, huku mzee anazama katika usingizi usio wa kawaida.

Kwa hiyo mwamshe umsemeshe. Muulize kama kichwa kinamuuma, tazama kama amechanganyikiwa, mwambie anyooshe mikono na kuinua viganja uone kama vinapigapiga. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, bila kumwambia kwamba unazihesabu, kwa sababu mtu akijua hubadilisha upumuaji wake.

Tabibu wa zamu

Naunga mkono, ila naomba jambo moja lisieleweke vibaya. Nimewahi kukuta mgonjwa wa kifua sugu ameachwa kwenye asilimia 79 kwa sababu kila mtu aliogopa kumdhuru kwa oksijeni, na ukosefu wa oksijeni huua upesi kuliko ziada yake. Akishuka chini ya 88, ongeza kidogo kidogo huku ukimtazama, na daktari aitwe. Akiwa na dalili za kabonidioksidi nyingi, usimwondolee oksijeni ghafla, maana anaweza kuporomoka chini ya alikoanzia. Punguza kwa hatua. Ukilazimika kutumia barakoa ya kawaida ya oksijeni, isiwe chini ya lita 5 kwa dakika, la sivyo mgonjwa atavuta tena hewa aliyoitoa.

Muuguzi, wodi ya wanawake

Kabla ya kuiamini namba, tazama kidole chenyewe. Hapa kwetu wanawake hupaka hina na piko. Nilimpokea bibi harusi mwenye nimonia, ncha za vidole nyeusi tii, kipimo kikasoma 84. Nilipokihamishia sikioni kikasoma 95. Vidole vya baridi na rangi ya kucha vilevile hupotosha.

Kuhusu mzee, mketishe, mwekee meza mbele yenye mto, aegemeze mikono juu yake. Mfundishe kuvuta pumzi puani na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepooza chai ya moto. Mwanawe mpe kazi ya kumkumbusha hilo, na umkataze kumpaka baba yake mafuta ya mgando puani, kwa kuwa mafuta na oksijeni vikikutana na cheche vinaweza kuwaka.

Mwanafunzi wa uuguzi, Tanga

Ahsanteni sana. Leo asubuhi nimemketisha mzee kama mlivyoeleza. Pumzi zimeshuka kutoka 28 hadi 22 kwa dakika, kipimo kimebaki 90, na amemaliza kikombe cha uji akiniuliza habari za nyumbani. Mwanawe alikuwa kando yake, akihesabu naye: vuta moja, mbili, toa moja, mbili, tatu, nne.